Pamba Chini ya Vidonge

Tarehe 3 Machi

Mke mwenzangu,

Shikamoo yako hujaitoa, lakini marahaba naitanguliza, maana nikiisubiri nitazeeka zaidi ya hapa. Sisi wazima. Nyonga bado inanisema kila nikiinuka kitini, ila kazi nafanya. Nimerudi kwenye meza ya pasi. Mashati ya walimu nayanyoosha nimekaa kwenye stuli ndefu aliyonitengenezea Seremala, na kola ya shati hainishindi, nimekaa au nimesimama. Mama Mkaa anakusalimu. Bado ananiuzia gunia nusu mkaa nusu chenga, halafu anacheka. Jirani wa juu kajifungua mtoto wa kike, ana sauti kama king'ora.

Nakuandikia kwa mkono wangu huu wa darasa la nne kwa sababu simu yako inalia tu. Na hata ungepokea, mambo ya nyumbani siwezi kuyapigia kelele hewani, ukuta wetu wa mbao na wapangaji wana masikio. Dereva wa lori la vitambaa anapita kiwandani kwenu, atakuletea hii.

Sasa neno lenyewe. Mdogo wako amerudi. Wamemleta kutoka kwenye ile nyumba ya kupona, kaota mashavu, na kila nikimwita anaitika "naam Bibi" kama amelelewa na watu wengine. Asubuhi anakwenda zahanati kunywa kikombe chake cha dawa ya kutuliza kiu ya unga mbele ya nesi, kisha anafunua kinywa waone kama amemeza. Baada ya hapo anakwenda karakana kwa Seremala kupiga msasa. Mtaani bado wanamwita Waya, kwa ule wembamba wa alipokuwa teja.

Na hakurudi peke yake. Amekuja na watu wa kikao. Ni Seremala, ni nesi, ni yule mwenye duka la dawa tunayemwita Miwani, na wengine waliokuwa wakitumia wakaacha. Wamekubaliana kwamba mtu akirudi mtaani asiachwe mwenyewe, na dawa kali zisizagae majumbani. Maneno mazuri. Lakini mbona wanakuja kwangu kwa zamu? "Tumepita kukujulia hali, Bibi." Wanakaa, wananitazama mikono, wananitazama macho. Nesi ananiuliza nalalaje. Nalalaje! Nalala kwa ubavu, nikamjibu, wewe unalala umening'inia? Hapa pana jambo. Mtu hakujulii hali bure.

Na jingine ndilo linaloniwasha. Wewe ndiye uliyeniuguza nilipoanguka nikianika nguo, unakumbuka hospitali walinipa vile vidonge vikali vya maumivu, chupa mbili. Ukaziweka mwenyewe kwenye sanduku la nguo. Ya kwanza iliisha. Zahanati wakanipa vidonge vyepesi, nikakaa navyo. Juzi nyonga imenikaba, nikafungua ile ya pili. Juu vidonge, chini pamba. Pamba, mke mwenzangu, imeshindiliwa kama mto wa bwana harusi. Na kadi yangu ya zahanati, ile iliyoandikwa dawa zangu zote mpaka vile vikali, haionekani. Nilipomuuliza nesi kama imebaki kwake, alinikazia macho kama mwizi ni mimi.

Nyumba hii tunalala wawili. Mimi sijala vidonge nikatapika pamba. Niambie nifanye nini na huyu ndugu yako.

Bibi yako

*

Tarehe 9 Aprili

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa. Tuna oda kubwa ya sare, nasimama kwenye meza ya kukatia tangu asubuhi, na mgongo ndio huo unaoujua. Simu ilianguka, kioo kimepasuka. Nafurahi umerudi kazini ingawa ningependa upumzike. Je, maumivu yanarudi sana? Hospitali wamekuandikia tena vile vile au wamebadilisha? Niandikie jina lililo kwenye chupa, nijue.

Kuhusu Waya nisiseme mengi. Nilisema tangu mwanzo kwamba ni mapema, mkaniona nina roho mbaya. Mwenye kovu usidhani kapoa. Vilivyobaki vifungie, na yeye mtafutie pa kulala pengine.

Watu wa kikao usiwaambie habari ya chupa. Ni aibu yetu, tuimalize wenyewe. Nesi na Miwani kazi yao dawa, leo wanakutazama mikono, kesho watataka kupekua sanduku. Usikubali. Na kadi usisumbuke kuitafuta, itakuwa imeondoka na nguo za wateja.

Mpe Mama Mkaa asante yangu. Yeye anajua.

Mjukuu wako

*

Tarehe 6 Mei

Mke mwenzangu,

Marahaba. Barua yako imefika, imechoka na imekunjwa, na habari za kwako mwenyewe humo hamna. Unakula nini? Unaishi na nani? Umeniuliza jina la dawa, hukuniuliza jina la mtoto wa jirani. Haya.

Asante yako nimeifikisha. Mama Mkaa akainama akaanza kuokota chenga chini, yeye ambaye tangu nimjue hajawahi kuokota kitu. Nikamuuliza, asante ya nini? Akasema, "Aa, mambo ya vijana." Mambo ya vijana, na yeye ana wajukuu! Nimemweka akiba.

Mdogo wako nimemkabili. Nilimfuata karakana, mbele ya tajiri yake, maana mwizi ukimsema chumbani atakuambia umeota.

"Vidonge vyangu viko wapi?"

"Sijavichukua, Bibi."

"Kachukua nani, panya?"

"Panya hashindilii pamba."

"Ndiyo nakuuliza mshindiliaji!"

Akaendelea na msasa wake, taratibu, kama anampapasa paka. Halafu akasema, "Muulize aliyeiweka chupa sandukuni."

Umesikia? Aliyeiweka ni wewe! Anataka kukuvika wewe uliyeniogesha na kunilisha kwa kijiko, wewe ambaye hata soda ilikuwa inakukereketa. Mkono uliniwasha, lakini nilikuwa nimeshika fimbo yangu ya kutembelea, ningempiga ningeanguka. Nikamwambia nyumbani kwangu asikanyage. Usiku ule ule alilala karakana juu ya mbao.

Asubuhi Seremala akaja. Hakukaa. Akaniambia, Bibi, kama ni kweli huyu anameza vidonge vile juu ya kikombe cha zahanati, atalala asiamke, na kwenye msumeno wa umeme siwezi kumweka. Kama si kweli, umemvunja. Kwa hiyo ameondolewa kwenye mashine, anafagia tu, mpaka kikao kikae. Kikiona ameanguka, anarudi ile nyumba ya kupona na nafasi yake ya kazi anapewa mwingine aliye kwenye foleni. Kijana alikuwa amemfuata, kasimama nje ya mlango na ufagio, anasikiliza anavyopangiwa maisha.

Wananiita na mimi nikaseme. Sijaamua. Nesi amekuja tena, safari hii anauliza kama mikono inanitetemeka na kama anaweza kuona vidonge vilivyosalia. Anaona wapi! Nimevifunga kwenye pindo la nguo yangu, nikitembea vinalia kama njuga. Na Miwani siku hizi nikipita dirishani kwake anajifanya anapanga maboksi. Kuna kitu wanakipika. Ila namshangaa na huyo Waya. Mwizi ninayemjua mimi hulia, huapa, huomba. Huyu kanyamaza.

Nijibu upesi.

Bibi yako

*

Tarehe 25 Mei

Bibi,

Sina muda mrefu. Mrudishe Waya kule alikotoka, ni kwa faida yake. Kikao usiende. Wale watu wakishajua jambo lako wanalo maisha yote, watakufanya gumzo. Ukienda usinitaje.

Muulize Mama Mkaa kwa nini lori limepita mara mbili mikono mitupu. Mwambie nimekwama kweli. Afanye afanyavyo.

Waya asije huku. Asitumwe.

Mimi

*

Tarehe 14 Juni

Mke mwenzangu,

Hukunipa shikamoo. Karatasi nimeigeuza mbele na nyuma nikidhani imeandikwa pembeni. Na "mimi" ni nani? Mimi ndiye mimi.

Nimekwenda kikao. Uliniambia nisiende, na mtu akiniambia nisiende mahali bila sababu, miguu inaniwasha. Kilikaa karakana jioni, mashine zimezimwa, watu juu ya mabenchi ambayo hayajapigwa vanishi. Nilikaa karibu na mlango ili nitoke nikiudhika. Mdogo wako alikaa upande wa pili, ameinamia viatu vyake.

Wana utaratibu wao, Seremala ndiye mkali wake. Ukisimama, useme ulichoona kwa macho yako au ulichofanya kwa mikono yako. Aliyesikia anyamaze, aliyeona aseme. Nikasema moyoni, utaratibu wa kipuuzi, sisi wazee tungekosa mazungumzo. Nikasimama wa kwanza.

"Mjukuu wangu ameniibia."

"Umemwona, Bibi?"

"Nimwone wa nini, namjua!"

"Basi hujaona. Umeona nini?"

"Nimeona pamba."

"Uliiona lini?"

"Nilipofungua chupa, mwanzo wa Machi."

"Kabla ya hapo, uliona nani ameishika?"

Niliyemwona ameishika ni mmoja, na hakuwa pale karakanani. Nikakaa. Nikawaambia nyonga inauma.

Ndipo Miwani akasimama, anafuta vioo vyake kwa shati. "Mimi nimeona kadi ya Bibi," akasema. "Tangu mwezi wa pili inakuja dirishani kwangu, nami natoa vidonge vikali. Mwezi uliopita nikakataa. Nesi nilimweleza tangu mwanzo, kwa sababu nilidhani Bibi ndiye..."

"Ndiye nini?" nikamuuliza.

"Ndiye anayevimeza."

Kijana mmoja wa wale walioacha akapasuka kicheko. "Karibu chamani, Bibi! Hapa tunaanza kwa kujitambulisha!"

Nikamwambia, wewe jitambulishe kwa mama yako aliyesahau kukufunda. Lakini umeelewa, mke mwenzangu? Miezi yote ile walikuwa wananishuku MIMI! Ndiyo maana ya mikono, ndiyo maana ya macho, ndiyo maana ya nalalaje. Nesi akaniomba radhi mbele ya watu wote. Akasema wangeniuliza wazi mambo yangeisha zamani, lakini waliona haya, mimi mtu mzima. Haya yao nusura imtie mjukuu wangu jalalani.

Seremala akauliza, kadi imeletwa na nani? Miwani akageukia benchi la nyuma. Mama Mkaa alikuwa keshaanza kulia, anajifuta kwa mikono yake ile, uso umejaa mistari myeusi.

"Nimeona mkono wangu ukipokea kadi," akasema. "Siku binti anasafiri. Aliniambia mgongo unamuua, na dawa ya bibi yake inamfaa, huko haipatikani. Dawa ya nyumba moja, nikaona si dhambi. Mimi mwenyewe nakunywa ya mume wangu."

Akasimama dereva. "Nimeona nikimkabidhi vifurushi vya Mama Mkaa. Mwanzo alikuwa anapokea getini, tunataniana. Sasa ananingoja barabarani kabla sijafika kiwandani. Nilipofika mikono mitupu alinitukana tusi la mama. Na pale getini wanasema..."

"Umeona au umesikia?" Seremala akamkata.

"Nimesikia."

"Nyamaza."

Akatoka. Nikamfuata nje kwenye lori lake, nikamkamata mkono wa shati. Akaniambia kiwandani haupo tangu mwezi wa nne. Oda kubwa ya sare, eti!

Nilirudi ndani, nikamwendea mdogo wako. Nikamuuliza, ulijua? Akasema alijua siku ya kwanza aliyoiona ile pamba, yeye zamani aliwahi kufanya vivyo hivyo kwenye chupa ya mtu mwingine. Mbona hukusema? Akaniangalia sasa, mara ya kwanza tangu nimfukuze.

"Teja akimtaja mtu, Bibi, nani atamsikiliza? Na nilipokuwa kule hakuna aliyenikumbuka kwa sabuni wala soksi. Yeye tu."

Yule kijana wa kicheko akanisogezea benchi, nikakaa karibu na mdogo wako.

Sasa sikuulizi kwa niaba ya kikao. Nakuuliza mimi. Unavimeza? Niandikie ndiyo, au niandikie hapana. Hadithi sitaki.

Bibi yako

*

Tarehe 29 Juni

Bibi,

Hapana. Mama Mkaa amezidisha chumvi. Ni mgongo tu, nitapona. Kazi nilibadilisha, nilitaka kukueleza nikija. Nitakuja mwisho wa mwaka nikiwa vizuri. Msije. Chonde.

Shikamoo.

*

Tarehe 8 Julai

Mke mwenzangu,

Marahaba. Umeiweka mwishoni kama mtu aliyekumbuka kufunga mlango akiwa amefika barabarani, lakini nimeipokea.

Huku wazima. Mdogo wako amerudi nyumbani na amerudishwa kwenye mashine. Maneno matamu sina, unanijua, ila nimempigia pasi mashati yake yote mpaka ya kazini, naye amelalamika kwamba wenzake wanamcheka kwa kuranda mbao kama karani. Mama Mkaa nilikuwa nimeapa nitamnunia mpaka kaburini. Kikao kikamkatalia kujificha, kikampa kazi. Anapouza mkaa anauliza kila nyumba kama kuna dawa zilizobaki za wagonjwa waliopona, zipelekwe kwa Miwani ziharibiwe. Anafaa, hakuna mlango asioujua. Na zangu nimezitoa, nikamsimamia Miwani mpaka zikaisha mbele ya macho yangu. Kuaminiana kuko huko mbele, tutakufikia pole pole.

Barua yako nimempelekea nesi. Ndiyo, nimempelekea, kasirika. Akaitazama ile "hapana" yako inavyopanda na kushuka mstari, akauliza tu kama ulikuwa unaandika hivyo zamani. Hukuwa unaandika hivyo. Mimi ndiye niliyekushika mkono ukaandika "a" ya kwanza, kwenye meza ya pasi.

Anasema usiviache ghafla ukiwa peke yako chumbani. Mwili utakupiga, nawe utavirudia kwa hasira, utameza vingi kuliko mwanzo. Anasema kuna namna ya kuvishusha kidogo kidogo, chini ya jicho la mtu, na huo mgongo wako utazamwe kama mgongo. Tayari amezungumza na zahanati iliyo karibu na hapo unapokaa, dereva ametuelekeza. Mdogo wako atakunywa kikombe chake hapo kila asubuhi mpaka mtakapoondoka, na ukitaka utakwenda naye. Seremala amempa ruhusa. Kikao kimesema nafasi yake ya kazi haitaguswa.

Sikia vizuri sasa. Nakupenda na sikuamini. Vyote viwili vimo kifuani mwangu na havigombani. Ukija nitafunga sanduku, nitapekua mkoba wako, nitakutazama mikono na nitakuuliza unalalaje. Utanichukia. Nichukie, lakini nichukie ukiwa umekaa hapa nakuona. Sitakuambia umeniaibisha. Aibu yetu mtaa mzima umeshaisikia, na cha ajabu bado wananiletea mashati yao.

Wala usiseme hujui mlango kagonga nani. Barua hii hakuileta dereva, dereva yuko chini kwenye lori lake. Aliyeipenyeza chini ya mlango ni mdogo wako. Ulimwandikia asitumwe, nami sikumtuma, amepanda lori mwenyewe, sasa hivi anangoja nifunge bahasha nimtupie dirishani. Nimemwambia asikusemeshe mpaka umalize kusoma, kwa sababu najua unasoma polepole ukiwa na hofu.

Umemaliza. Yuko nje. Mfungulie.

Bibi yako